Kansa ya Koo: Kukatwa, Kuchomwa, au Vyote Viwili

Huku kwetu Kenya, kutoka Olenguruone na Molo hadi Bomet na Kericho, mtu akipatikana na kansa ya koo, swali la kwanza katika kikao cha familia huwa ni lile lile: "Anapasuliwa lini?" Wakiambiwa hatapasuliwa, watu huinamisha vichwa. Hakuna anayetamka neno, lakini kila mmoja ameelewa kwamba mgonjwa ameachwa. Nimeona familia zikikatiza mchango siku hiyo hiyo. Nimeona mgonjwa aliyekwisha kupangiwa mionzi akirudishwa nyumbani kwa mitishamba, kwa kuwa ndugu zake waliamini kwamba matibabu yasiyo na kisu ni ya kumpoza tu. Imani hiyo inatumalizia watu, nami naandika ili niipinge.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, aliugua ugonjwa huu. Hajawahi kuonja pombe wala tumbaku. Anaishi upande wa Olenguruone, penye baridi kali, ambako chai hunywewa ikiwa bado inatoa mvuke na jikoni kuni huwaka kutwa. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani bomba la kupitishia chakula, ambayo huku tunaiita kansa ya koo. Pombe na tumbaku zinajulikana zamani. Moshi wa jikoni unashukiwa. Ukanda wetu huu wa Bonde la Ufa ni sehemu ya mstari mrefu wa ugonjwa huu unaoshuka mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, na huko Bomet madaktari wa hospitali ya Tenwek wameandika kwa miaka mingi kuhusu wagonjwa wenye umri mdogo kupita kiasi, wengine hawajafika hata miaka 30.

Kwa miezi kadhaa Shangazi alitibiwa vidonda vya tumbo katika kituo kimoja karibu na nyumbani. Alipewa dawa za kupunguza asidi, akaambiwa aache maharagwe. Ugali ukakataa kushuka. Chapati ikafuata, kisha wali. Alipoletwa Nakuru kupigwa kamera, yaani kushushiwa kooni mrija wenye kamera, alikuwa anaishi kwa uji na maziwa, na nguo zilikuwa zikimning'inia.

Majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama kilichochukuliwa ili kipimwe, yalisema ni saratani ya seli bapa. Neno hilo lina uzito kuliko watu wanavyodhani, na ndilo la kwanza kuuliza. Saratani ya umio ina aina kuu mbili. Moja huota kwenye seli bapa zinazotandaza umio kwa ndani, nyingine huota kwenye seli za tezi, mara nyingi upande wa chini karibu na tumbo. Ulaya Magharibi na Marekani ya pili ndiyo imezidi, nayo inahusishwa na unene na asidi inayopanda. Kwetu ni ya kwanza, karibu yote. Kijana wa nyumbani akifungua simu na kusoma makala ya Marekani kwamba upasuaji ndiyo njia, mara nyingi anasoma habari za ugonjwa wa wengine. Hii yetu husikia mionzi zaidi.

Niseme kidogo kuhusu upasuaji wenyewe, maana tunauomba bila kujua tunaomba nini. Umio ni bomba la nyama lenye urefu wa kama sentimita 25. Linapita nyuma ya bomba la hewa, mbele ya uti wa mgongo, kandokando ya mshipa mkuu wa damu na nyuma ya moyo, kisha linatoboa kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na fumbatio, na kuingia tumboni. Halina utando wa nje kama ule unaofunika utumbo, kwa hiyo uvimbe ukitoka nje ya ukuta wake unawafikia majirani hao upesi. Kulitoa ni kufungua fumbatio na mara nyingi kifua pia, kukata sehemu kubwa ya umio pamoja na matezi yanayouzunguka, kisha kulikata tumbo liwe kama mrija, kulivuta juu hadi kifuani au shingoni, na kulishona na kipande cha umio kilichobaki. Kuna wapasuaji wanaofanya sehemu ya kazi hiyo kwa matundu madogo na kamera, lakini bado ni mojawapo ya upasuaji mzito zaidi unaofanywa kwa binadamu.

Mwaka 1913 huko New York, daktari Franz Torek alimtoa mwanamke mmoja umio wa kifuani. Hakuwa na namna ya kuunganisha tena, kwa hiyo chakula kilipita kwenye mpira uliotoka shingoni, nje ya mwili, hadi tumboni. Mwanamke huyo aliishi zaidi ya miaka kumi. Nimewahi kumsimulia Shangazi habari hiyo, akasema, "Huyo mama alikuwa na moyo."

Baada ya upasuaji mgonjwa hulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hatari inayoogopwa ni mshono kuvuja, yaani mate na chakula kumwagika kifuani au shingoni, na hutokea kwa wagonjwa wengi kiasi cha mmoja kati ya kumi, hata katika hospitali zinazosifika. Nimonia ni ya pili. Akitoka salama, mtu hula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, hulala kichwa kikiwa juu, na huenda akatokwa na jasho na kizunguzungu baada ya kula kwa kuwa chakula kinafika kwenye utumbo haraka mno. Katika vituo vinavyofanya upasuaji huu kila wiki, vifo ni vichache. Katika vinavyoufanya mara moja moja ni vingi zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba vifo katika hospitali zenye wagonjwa wachache wa upasuaji huu vilikuwa zaidi ya mara mbili ya vile vya hospitali zenye wagonjwa wengi. Kwa hiyo kumuuliza daktari mpasuaji, kwa heshima, "Daktari, hapa mnafanya upasuaji wa namna hii mara ngapi kwa mwaka?" si kumkosea adabu. Tenwek na hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, ni majina yanayotajwa sana huku kwa sababu wagonjwa wa koo wamekuwa wakipelekwa huko kwa miaka.

Sasa kuchomwa, kama watu wanavyoita mionzi. Mashine inaelekezwa kifuani kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano hivi. Kila mara ni dakika chache na hausikii kitu. Pamoja na hiyo mgonjwa hupewa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, mara nyingi dawa mbili, na kazi ya kemo hapo ni kuua seli na pia kuzifanya ziumizwe zaidi na mionzi. Vyote viwili huenda pamoja kwa sababu nzuri. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa kwanza mwaka 1992, wagonjwa waliopewa mionzi peke yake hawakubaki hata mmoja baada ya miaka 5. Waliopewa mionzi na kemo kwa pamoja, bila kupasuliwa, 26 kati ya 100 walikuwa hai. Nikisikia mtu akisema matibabu bila kisu hayaponyi, naikumbuka 26 hiyo. Ni ndogo, lakini ni watu waliorudi makwao na kuishi.

Binamu yangu, mtoto wa kwanza wa Shangazi, hakuridhika. Tulikuwa mbele ya daktari wa mionzi hapa Nakuru.

"Daktari, si mkate tu mtoe mizizi yote?"

"Mama," daktari akamgeukia Shangazi badala ya kumjibu yeye, "uvimbe wako uko juu ya katikati, karibu sana na bomba la hewa. Na kilo ulizopoteza ni nyingi. Hata ungekuwa na nguvu, ningekuanzisha na mionzi na kemo kabla ya kisu."

Shangazi akauliza, "Kwa hivyo daktari hujaniacha?"

"Sijakuacha, Mama. Tunaanza wiki ijayo."

Nilipenda kwamba alimjibu mgonjwa. Katika safari hii yote nimeona madaktari wengi wakiongea na mtoto wa kiume huku mwenye ugonjwa akiwa ameketi pale pale.

Alichosema daktari kuhusu kutangulia na mionzi kina msingi imara. Uholanzi walifanya utafiti wa wagonjwa 366, ukachapishwa mwaka 2012, unaojulikana kama CROSS. Nusu walipasuliwa moja kwa moja. Nusu walipewa kwanza dawa za kemo, kaboplatini na paklitakseli, kila wiki kwa wiki tano pamoja na mionzi ya grei 41.4 (grei ni kipimo cha kiasi cha mionzi), kisha wakapasuliwa. Waliopasuliwa moja kwa moja, nusu yao walikuwa wamefariki kufikia mwezi wa 24. Kwa wale waliotanguliziwa mionzi na kemo, muda huo ulikuwa miezi 49. Jambo lililonishika zaidi lilikuwa ndani ya nyama iliyotolewa. Wapimaji walipoichunguza kwa darubini, karibu nusu ya wenye saratani ya seli bapa, asilimia 49, hawakukutwa na seli hata moja ya saratani. Kwa ile aina ya tezi ilikuwa asilimia 23.

Ukishaijua hiyo 49, swali linakuja lenyewe: kama uvimbe umekwisha kabla ya kisu, kisu ni cha nini?

Wajerumani na Wafaransa walikuwa wameliuliza mapema. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2005 na wa Ufaransa wa mwaka 2007 uliwagawa wagonjwa wenye uvimbe mkubwa, wengi au wote wa seli bapa: wengine wapewe kemo na mionzi kisha upasuaji, wengine waendelee na kemo na mionzi tu. Kwa Wafaransa waliogawanywa ni wale ambao matibabu ya kwanza yalikuwa yamewakubali. Uhai ulikaribiana. Walipotofautiana ni hapa: waliopasuliwa hawakurudiwa sana na uvimbe pale pale kwenye umio, lakini wengi zaidi walikufa kutokana na matibabu yenyewe. Kwa Wafaransa, vifo vya miezi mitatu ya kwanza vilikuwa asilimia 9.3 kwa waliopasuliwa na 0.8 kwa wasiopasuliwa. Upande wa pili wa mizani, wasiopasuliwa walihitaji zaidi kupanuliwa koo au kuwekewa stenti, mrija wa kufungua njia ya chakula, baadaye. Kila njia ina bei yake na kila mtu ana bei anayoweza kulipa.

Mwaka 2025 Waholanzi walichapisha tena. Wagonjwa 309 ambao uvimbe wao ulikuwa hauonekani tena baada ya kemo na mionzi waligawanywa, wengine wapasuliwe, wengine wachunguzwe tu kwa ukaribu na kupasuliwa endapo ungerudi. Baada ya miaka 2 waliokuwa hai ni asilimia 71 na 74. Hata hivyo wengi katika utafiti huo walikuwa na ile aina ya tezi, na kwa karibu nusu ya waliokuwa wakichunguzwa uvimbe ulirudi na ikabidi upasuaji. Kuchunguzwa kwenyewe ni kamera, vinyama na picha za gharama, tena na tena kila miezi michache. Anayechagua njia hiyo huku kwetu ajue kwamba amechagua pia nauli, foleni na bili za vipimo. Akikosa kurudi, amejiacha mwenyewe.

Nina maoni yangu na sitayaficha. Mtu mwenye umri mdogo, mwenye mapafu mazuri, ambaye baada ya mionzi bado kamera inaonyesha uvimbe, apelekwe kwa mpasuaji mzoefu bila kuchelewa. Katika wadi ya Shangazi kulikuwa na kijana kutoka Bomet, mkulima wa chai, aliyekuwa katika hali hiyo hiyo. Mama yake alilia akikataa kisu. Kijana alikubali, akapasuliwa, akakaa wiki za mateso na mrija wa chakula ubavuni, na mara ya mwisho niliposikia habari zake alikuwa amerudi kuchuma majani chai. Kwake upasuaji ulikuwa ndiyo njia, na ningemsukuma akubali. Mtu ambaye saratani imepata nafasi juu kabisa, karibu na shingo, ni habari nyingine. Huko upasuaji mara nyingi hudai kisanduku cha sauti pia, na kemo na mionzi ndiyo matibabu ya kwanza. Na kwa yule aliyegunduliwa mapema mno, uvimbe ukiwa kwenye utando wa juu tu, kuna daktari anayeweza kuukwangua kupitia kamera ile ile na mgonjwa akabaki na umio wake mzima. Wa namna hiyo ni wachache sana kwetu, maana tunakuja ugali ukishakataa.

Shangazi alikaa kwetu Lanet wakati wa mionzi, kwa kuwa hakuna anayeweza kutoka Olenguruone kila asubuhi na kurudi. Wiki mbili za mwanzo alisema haoni kitu. Kisha koo likawaka. Hilo ni la kawaida, mionzi inachubua umio kwa ndani, na ni wakati ambao wagonjwa wengi hutoroka wakidhani wanazidi kuugua. Alikunywa dawa ya maji ya maumivu kabla ya kila mlo, uji vuguvugu uliotiwa karanga za kusagwa na maziwa, mayai yaliyopondwa. Damu ilishuka, kemo ikasogezwa. Binamu akataka waongeze moto ili umalize haraka. Daktari akamweleza kwamba hilo limejaribiwa: Waholanzi walilinganisha grei 50.4 na 61.6, matokeo yakachapishwa mwaka 2021, na kiasi kikubwa hakikuleta nafuu yoyote ya ziada.

Kuna mambo mawili ya bomba ambayo ningependa kila familia iyajue kabla ya kutia sahihi. La kwanza ni stenti, mrija wa waya unaotanuka ndani ya umio na kufungua njia. Tenwek wameziweka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa wagonjwa wengi mno, na kwa mtu ambaye saratani imesambaa ni neema, maana aliyekuwa anatema mate kwenye kopo huondoka akinywa supu. Lakini kwa mtu ambaye bado anaweza kutibiwa apone, kukimbilia stenti kabla ya mionzi kunaweza kuharibu mpango: inaweza kuteleza, kutoboa, kuleta maumivu. La pili ni mrija wa kulishia. Kama upasuaji bado unafikiriwa, uliza kama mrija utawekwa kwenye utumbo mdogo badala ya tumbo, kwa sababu tumbo hilo ndilo litakalotumika kutengenezea umio mpya.

Pesa. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na malipo yake ya saratani yana kikomo kwa familia kwa mwaka. Kila kemo, kila kipindi cha mionzi, kila picha inachota humo. Ulizeni mapema kimebaki kiasi gani, kabla hamjapangiwa lolote kubwa, na mchango usisimame kwa kuwa hakuna kisu.

Baada ya miezi mitatu kamera ilionyesha umio safi na vinyama vikarudi bila saratani. Kikao kikaitwa tena. Binamu alitaka upasuaji, kwa usalama. Mpasuaji aliyemwona alikuwa mkweli, akasema anaweza, lakini kwa mwili wa Shangazi na mahali uvimbe ulipokuwa hatari ni kubwa, na kwamba akichagua kuchunguzwa hatamlaumu. Shangazi alisikiliza wote, akasema, "Nitakuja kila mtakaponiita. Lakini kifua changu msikifungue." Binamu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwambia, "Sawa, Mama. Mimi ndiye nitakuleta."

Amekuwa akimleta. Safari moja chakula kilianza kukwama tena, na nyumbani watu walikwisha kulia. Kamera ilikuta kovu la mionzi limebana njia, bila saratani. Likapanuliwa, akarudi kula. Kubanwa huko ni jambo linalojulikana baada ya mionzi, kama ilivyo kwa mshono baada ya upasuaji, kwa hiyo mgonjwa wenu akikwama tena msikae nyumbani mkisubiri mwisho. Mpelekeni apigwe kamera wiki hiyo hiyo, akiwa amebeba karatasi inayoonyesha alipewa grei ngapi, sehemu gani ya kifua, na tarehe ya mwisho aliyochomwa. Kama uvimbe umerudi na bado haujasambaa, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza atakayoiomba mpasuaji.